Petro naye alirudia mtihani



Jumapili mbili zilizopita, baada ya Misa ya kwanza, nilikuwa sakristia nakunja mavazi ya ibada aliposimama mlangoni binti mmoja wa parokia yetu hapa Kibaha. Namfahamu tangu akiwa mtoto wa Utoto Mtakatifu, anaimba mstari wa mbele huku amekosa meno mawili. Leo ni mtu mzima, amemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikamuuliza mbona siku hizi simwoni kwaya. Hakujibu. Akakaa kwenye benchi la watumikiaji na kuanza kulia.

Mtihani wa usajili na leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ameufanya mara mbili, na mara zote mbili hakufaulu. Anajiandaa kwa mara ya tatu. Amekubali niandike habari hii mradi nisimtaje jina wala mtaa anaokaa, na nisiandike kwa namna ya kumwonea huruma. Sharti hilo la pili nimelipenda, nitajitahidi kulitimiza.

Kinachomwumiza zaidi, alisema, ni kurudi kwenye madaftari yale yale, kuliko hata kule kufeli. "Padri, nikifungua ukurasa najua mstari unaofuata kabla sijausoma, na bado siwezi kusema kwamba naujua. Nasikia kichefuchefu." Wenzake aliosoma nao wanajipiga picha wakiwa na sare nyeupe na kuziweka kwenye simu. Yeye anaamka saa kumi na moja alfajiri kumsaidia mama yake kupanga bidhaa gengeni Maili Moja, na kila mteja anayemfahamu anamwuliza swali moja: umeshapangiwa kazi wapi? Mama yake alilipa ada ya miaka mitatu kwa nyanya na vitunguu. Hamlaumu binti yake hata kidogo, na binti anasema afadhali angemlaumu.

Halafu akaniambia lile alilolijia hasa. Kuna mwenye zahanati moja amempa nafasi. Mshahara nusu ya ule wa muuguzi mwenye leseni, sare atapewa, zamu za usiku. Hakuna atakayeuliza karatasi. "Sindano najua kuchoma, Padri. Dripu najua kuweka. Kuzalisha nimezalisha nikiwa mazoezini. Je, ni dhambi?"

Nitakiri mbele yenu kwamba jibu la kwanza lililokuja mdomoni mwangu lilikuwa lile tunalolitoa sisi mapadri tukiwa na haraka, kwamba Mungu ana mpango. Nililimeza kwa sababu Misa ya pili ilikuwa bado dakika arobaini, sikuwa na kisingizio cha haraka. Tena si jibu. Mungu ana mpango, ndiyo, lakini mtu anayelia kwenye benchi anataka kujua afanye nini Jumatatu.

Tuanze na zahanati. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka mtu asajiliwe na awe na leseni ya Baraza kabla hajatoa huduma. Wengine huiona kama urasimu tu, muhuri mwingine juu ya mihuri. Sisi wa Kibaha hatuna haki ya kuiona hivyo. Hospitali yetu ya Tumbi iko kando ya Barabara ya Morogoro, na kila mtu hapa amewahi kusikia ving'ora usiku, basi limepinduka au lori limegonga daladala, majeruhi wanashushwa mmoja baada ya mwingine. Nimeitwa huko kutoa Mpako wa Wagonjwa zaidi ya mara ninazokumbuka. Saa nane za usiku, majeruhi mgeni hajui jina la muuguzi anayemshika mkono. Hawezi kumwuliza alisoma wapi. Anamwamini kwa sababu mtu mwingine, mchana, akiwa na akili timamu, alikaa mezani na kusema huyu anaweza. Leseni ni uaminifu ambao mgonjwa hana nafasi ya kuudai mwenyewe, kwa hiyo taifa linamdai kwa niaba yake.

Nilimwambia hivi binti yetu: unajua kuchoma sindano, nakuamini. Lakini usiku wa zamu, mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua na wewe uko peke yako na taa ya simu, utakuwa unaficha mambo mawili kwa wakati mmoja, hofu yako na kukosa leseni kwako. Mtu mwenye jambo la kuficha huchelewa kuita msaada. Hapo ndipo dhambi inapokaa, kwenye kule kuchelewa. Na yule mwenye zahanati, anayejua kabisa na anakupa nusu mshahara kwa sababu anajua, dhambi yake ni kubwa kuliko yako. Huyo sijamwona kanisani, lakini kama anasoma gazeti hili, ujumbe umefika.

Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Wewe Padri uliwahi kufeli?"

Ndiyo, niliwahi. Na nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka 20 bila kulisema kwenye mimbari.

Waamini wengi hawajui kwamba kupewa daraja la upadri hakumpi padri ruhusa ya moja kwa moja ya kukaa kwenye kiti cha maungamo. Kanuni ya 970 ya Sheria ya Kanisa inaelekeza kwamba mamlaka ya kuungamisha wapewe mapadri walioonekana kufaa, kwa mtihani au kwa njia nyingine. Nasi tuna mtihani wa leseni, kwa maneno mengine. Wangu ulikuwa wa mdomo, mbele ya mapadri wazee watatu. Mmoja wao alijifanya ni mama wa sokoni anayepunja mizani ili awalishe yatima wa dada yake, akaungama. Mimi nilikuwa nimekariri. Nikaeleza maana ya wizi, maana ya malipizi, masharti ya kurudisha mali, nikataja na vifungu. Nilipomaliza, mzee yule akaniangalia kwa muda, akasema: "Umekijibu kitabu vizuri sana. Mama bado amepiga magoti."

Nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu.

Miezi ile mitatu sikuwa mtu mzuri. Nilisema wazee wale wana chuki na watu wa kwetu. Nilisema swali halikuwa la haki. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuungamisha kwenye safari za Kwaresima, mimi nikapangwa kuendesha Njia ya Msalaba na kuhesabu sadaka. Kila nilipofungua kitabu cha maadili niliona sura ya mzee yule, nikakifunga. Nilipoteza mwezi mzima kwa hasira. Hasira inachosha kuliko kusoma, na haimfundishi mtu chochote.

Kilichonitoa hapo hakikuwa njozi wala sauti. Katekista mmoja mzee, ambaye hakumaliza hata darasa la nane la zamani, alinikuta nimekaa nje ya nyumba ya mapadri na kitabu kimefungwa. Akaniuliza kinasema nini. Nikaanza kumweleza kwa Kiswahili cha kawaida, na katikati ya maelezo nikagundua kwamba sehemu kubwa siielewi. Nilikuwa nayajua maneno tu. Tukawa tunakaa hivyo kila jioni. Yeye anajifanya mlevi, mke aliyeachwa, kijana aliyeiba korosho ghalani, mimi namjibu. Hakuwa na huruma hata kidogo, hasa alipokuwa mlevi.

Binti alicheka hapo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Kisha akasema jambo lililonionyesha kwamba ana akili nzuri kuliko anavyojidhania: "Ndivyo maswali ya mtihani wetu yalivyo. Wanakuwekea mgonjwa, wanauliza utaanza na nini. Yote manne ni kweli, ila moja ndilo la kwanza. Mimi nasoma maana ya ugonjwa."

Basi ugonjwa wa usomaji wake tukawa tumeujua, yeye na mimi, kwenye benchi la watumikiaji. Kusoma daftari lile lile mara ya tatu kwa namna ile ile kunamzoesha macho tu. Anayerudia mtihani anahitaji kujua alianguka wapi, na hilo linadai ujasiri wa kuangalia jeraha. Wengi wetu tunapendelea kusema nimefeli kwa ujumla, kwa sababu kufeli kwa ujumla kunauma mara moja na kuisha. Kukaa na kalamu na kuandika kwamba naogopa hesabu za dozi, kwamba sikumbuki hatua za kumhudumia mama anayetokwa damu, kwamba nasoma swali la Kiingereza haraka na kuruka neno 'kwanza', huko kunauma polepole. Lakini orodha hiyo ina mwisho.

Nimetaja Kiingereza, niseme neno dogo pembeni. Vijana wetu wanasomea uuguzi kwa Kiingereza, wanatahiniwa kwa Kiingereza, kisha wanakwenda kumhudumia bibi wa Kisarawe anayeeleza maumivu yake kwa Kizaramo na Kiswahili. Sisemi mtihani ubadilishwe. Nasema tusimwite mjinga mtu aliyekwama kwenye lugha. Mwaka 2021 Waziri wa Afya wa Kenya wakati ule, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa lugha ya Kiingereza ili wakafanye kazi Uingereza, waliofaulu walikuwa 10. Hawa walikuwa wauguzi waliokwisha kufuzu kwao. Hapa kwetu, mwaka 2022, kwenye Shule ya Sheria kwa Vitendo, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo na 265 wakadisko, kama vijana wanavyosema. Nchi nzima ilizungumza, serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watu wote hao hawakuwa wavivu. Wakati mwingine mtihani unampima mwanafunzi, wakati mwingine unampima na mwalimu wake, na wakati mwingine unaipima nchi. Lakini aliyeshika karatasi ya matokeo ni mwanafunzi peke yake, na ndiye anayerudi nyumbani nayo.

Sasa Injili.

Tumemzoea Petro mwenye funguo. Tunamsahau Petro aliyerudia mtihani. Alikuwa na mwalimu bora kuliko wote, miaka mitatu ya mazoezi, na usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu aliulizwa swali jepesi kuliko yote, kama anamfahamu Yesu. Aliulizwa mara tatu, na mara tatu alikosea. Mwinjili Yohana, katika sura ya 18, anataja jambo dogo ambalo sisi watu wa Pwani tunapaswa kulinusa: Petro alikuwa anaota moto wa makaa. Na katika sura ya 21, baada ya Ufufuko, wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu, wanafika pwani alfajiri na kumkuta Bwana amewasha moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Nyumba nyingi hapa zinapikia mkaa. Harufu yake mtu haisahau. Petro aliposhuka kwenye mashua na kuinusa, nadhani tumbo lilimkata kama linavyomkata binti yetu akifungua daftari.

Bwana hakumfanyia mtihani mwepesi zaidi, wala hakusema yaliyopita yamepita, njoo uchukue cheti. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, na mara ya tatu Petro alihuzunika. Yohana analisema hilo waziwazi. Kurudia kulimwumiza hata mbele ya Mfufuka mwenyewe. Kwa hiyo wewe unayerudia na kuumia, usidhani kwamba imani yako ni ndogo.

Ila tazameni utaratibu. Kabla ya swali la kwanza, Yesu alimlisha. Walikula kwanza, kisha akauliza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa nabii Eliya pia, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya amechoka, amekaa chini ya mti jangwani anaomba afe. Malaika hakumpa hotuba. Alimgusa, akampa mkate wa moto na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika hakumkaripia kwa kulala. Akaja mara ya pili na chakula kingine, akamwambia safari bado ni ndefu. Binti yetu alikuwa analala saa tatu kwa usiku, anakunywa chai ya rangi mchana kutwa, na anashangaa kwa nini kichwa hakishiki. Muuguzi huyo! Nilimwuliza mgonjwa wake angekuwa anaishi hivyo angemshauri nini. Akanyamaza.

Mtakatifu msimamizi wa wauguzi ni Kamili wa Lellis, na nashangaa wauguzi wengi Wakatoliki hawajui habari zake. Alizaliwa Italia mwaka 1550, akawa askari, akawa mcheza kamari hadi akapoteza kila kitu. Alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Alipoongoka akaomba kujiunga na Wakapuchini, wakampokea, kidonda kikafunuka, wakamtoa. Akapona kidogo, akarudi, wakamtoa tena. Mara mbili, kama binti yetu. Akabaki Roma kwenye hospitali ya Mtakatifu Yakobo, mahali pale pale alipotibiwa, akihudumia wagonjwa. Alipoona kwamba anapaswa kuwa padri ili kazi ile iendelee, alikuwa na umri wa miaka 32, na ilimbidi akae darasani na watoto kujifunza Kilatini. Inasimuliwa kwamba walimtania kwa kuchelewa. Alipewa upadri mwaka 1584, akaanzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa, wale wenye msalaba mwekundu kifuani. Kidonda kile hakikupona hadi anakufa mwaka 1614. Alitembea nacho wodini.

Na sisi mapadri tunaye Yohane Maria Vianney. Kilatini kilimshinda, seminari kuu ya Lyon ikamrudisha nyumbani, na mtihani wake wa kwanza hakufaulu. Padri Balley aliyekuwa akimfundisha hakumwacha. Akaenda kumwombea atahiniwe upya, kwa lugha yake ya Kifaransa, na safari hii akajibu vizuri. Akapewa upadri mwaka 1815, lakini kwanza bila ruhusa ya kuungamisha. Walidhani hatoweza. Huyu ndiye ambaye baadaye watu walisafiri kutoka pande zote za Ufaransa kuungama kwake kule Ars. Mimi nilipojua habari hiyo nilikuwa kwenye miezi yangu mitatu, na sitaficha kwamba ilinifurahisha kwa namna isiyo ya kitakatifu sana.

Ninachotaka mkione kwa Vianney ni Balley. Bila Balley hatungekuwa na msimamizi wa maparoko. Na hapa nageuka kwenu ninyi mliofaulu, wazazi, majirani, na jumuiya ndogondogo.

Tunachanga kwa harusi. Kadi inafika, mtu anakopa kwenye kikoba ili asiaibike. Tunachanga kwa send-off, kwa kipaimara, kwa jubilei ya padri pia, na ng'ombe hukosekana si mara nyingi. Sijawahi kuona jumuiya hata moja katika parokia nilizohudumu imekaa na kusema, tuna kijana anarudia mtihani, nauli na ada ya mtihani ni kiasi fulani, tumpunguzie nusu. Tunasubiri afaulu ndipo tumfanyie sherehe. Siku anayohitaji elfu kumi hatuna, siku ya keki tunazo laki.

Na lile swali la gengeni. Naomba, kwa upendo wote, tuache kuwauliza vijana matokeo mlangoni mwa kanisa. Kama amefaulu atakwambia mwenyewe, hutamzuia. Kama hajafaulu, umemlazimisha aseme mara ya kumi na mbili siku hiyo. Mwulize amekula nini. Mwombe akufundishe kupima shinikizo la damu. Mama mmoja wa WAWATA aliniambia kwamba yeye huwaambia tu vijana wa namna hii, njoo usome kwangu mchana, watoto wako shule, umeme upo na sitakusemesha. Mama huyo hajui kwamba ni malaika wa Eliya.

Mji wetu huu, kwa kweli, ulijengwa kwa kazi hiyo. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likiwa na shabaha ya kupiga vita ujinga, maradhi na umaskini kwa pamoja, shule na tiba na kilimo mahali pamoja. Hadi leo wanafundishwa hapa watu wa afya. Hatupaswi kuwa mji ambao kijana anayerudia mtihani wa uuguzi anaona aibu kupita barabarani.

Kuna mengine lazima niyaseme hata kama yatawaudhi baadhi. Mtu akikuuzia mafuta ya kufaulu mtihani, amekuibia. Akikwambia kuna shangazi amekufunga nyota, amekuibia na amekugombanisha na shangazi. Na atakayekuja usiku na karatasi iliyovuja kwenye simu, mkimbie, maana ukifaulu kwa hiyo utakuwa umerudi kwenye zahanati ile ile ya kujificha, safari hii ukiwa na leseni. Sala tunasali, na mimi nimemwekea binti yetu nia ya Misa. Lakini sala ya mtu anayerudia mtihani nadhani iwe fupi na ya kweli, kama zile zaburi za malalamiko ambazo tunaziruka kwenye ibada kwa sababu zinatufedhehesha. Mwambie Mungu kwamba umechoka na kwamba hulipendi daftari hili. Anaweza kulisikia hilo. Kisha lifungue.

Nilimwambia pia, na hili sikulisema kirahisi, kwamba mara ya tatu inaweza isifaulu. Sina sauti kutoka mbinguni kuhusu matokeo. Kama itakuwa hivyo, atakuja tena sakristia na tutaangalia tena orodha. Inawezekana siku moja tukaona njia nyingine ya kuwahudumia wagonjwa, kama Wakapuchini walivyokuwa mlango uliofungwa kwa Kamili. Lakini hilo ni la siku hiyo. Leo ana orodha ya mambo saba anayoyaogopa, na wiki iliyopita alifuta mawili.

Zahanati aliikataa. Alikwenda mwenyewe kumwambia mwenye nayo, naye akamjibu kwamba hakuna shida, kuna mwingine ameshapatikana. Kwa hiyo mshahara ule umekwenda, na mtu mwingine asiye na leseni yuko zamu usiku huu. Alipokuja kunieleza hakuwa na furaha ya mtu aliyetenda mema. Alikuwa amechukia. Nikamwambia na mimi nimechukia.

Asubuhi yuko gengeni na mama yake, mchana anasoma kwenye darasa la katekesi. Amempata mwenzake wa kusoma naye, kijana wa Mlandizi anayerudia mtihani huo huo, ambaye ni Mlutheri, na nasikia katika kuigiza wagonjwa yeye ni mkali kama katekista wangu. Darasa hilo liko wazi kila siku isipokuwa Jumamosi, kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku, kwa yeyote anayerudia mtihani wowote, wa dini yoyote. Ufunguo anao mlinzi. Taa mbili za upande wa dirishani zimeungua. Balbu nimeshanunua, ila dari ni refu na ngazi ya parokia imevunjika, kwa hiyo mwenye ngazi ndefu anione baada ya Misa.